Nimehamia Malindi, kazi yangu ni taa za filamu: napataje kazi yenye mkataba na chama huku?

mtu_wa_taa

Assalam aleikum ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa wote humu. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mimi ni mtu wa taa. Nimeshika kazi za kushuti Nairobi miaka 9, nilianza kama kijana wa kubeba kebo nikapanda pole pole, sa hii kwenye kazi ndogo naitwa gafa mwenyewe, yaani mkuu wa taa, na kwenye kazi kubwa nasimama chini ya gafa. Matangazo, vipindi vya tivii, dokumentari, kazi kadhaa za wageni. Mwezi wa pili nimehamia Malindi na familia, mke wangu ni mwalimu kapata uhamisho huku, alafu mamangu yuko Lamu, umri ushasonga, nikitoka hapa asubuhi na basi mchana niko Mokowe navuka na boti kumwona. Kwa hivyo sirudi Nairobi, hilo tumeshaliamua.

Shida ni kazi. Nairobi simu ilikuwa yalia yenyewe, ukimaliza tangazo moja prodakshen meneja ashakupa tarehe za lingine. Huku imenyamaza kabisa. Wiki ya 7 sasa nimefanya harusi mbili, harusi ni riziki nashukuru Mungu, lakini si kazi niliyoisomea kwa mikono yangu. Na si kwamba huku hakushutiwi, mimi mwenyewe nimeletwa huku mara 4 nikiwa Nairobi, magofu ya Gede, Watamu, Shela ya Lamu mara mbili. Ila kruu yote, timu nzima ya kushuti, inateremka na lori la vifaa kutoka juu, mtu wa hapa anachukuliwa kubeba, kupika na kuendesha boti, basi.

Na kuna jambo la pili ndo hasa limenifanya nifungue huu uzi.

Mara ya mwisho nilipokuja Shela, mwezi wa 11, lilikuwa tangazo, kampuni siitaji. Tulikuwa na kazi ya usiku, jenereta tumeiweka ndani ya mashua mbali kidogo ili kelele isimfikie mtu wa sauti, kebo inatoka kwenye mashua inapanda ngazi za gati mpaka kwenye taa. Wanaozijua zile ngazi wanajua maji yakipwa zile za chini zinakuwaje, kijani imeota, zateleza kama sabuni. Tulikuwa na kijana wa pale pale, alichukuliwa asubuhi hiyo kwa mia nane, akapewa kazi ya kushika kebo. Saa 5 usiku dairekta akataka taa isogezwe, watu tuko macho tangu saa 11 alfajiri, kijana akarudi nyuma na kebo begani, mguu ukamtoka, akadaka stendi ya taa ili asitumbukie na stendi ikamfuata. Mimi ndo niliyeinua ile taa kutoka mkononi mwake. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete, vimebondeka juu ya jiwe, kucha imesimama wima. Hakulia. Aliniuliza tu, kaka, kebo imeingia maji?

Nilimfunga na kikoi changu boti ikampeleka hospitali. Asubuhi nikauliza prodakshen bima ya kijana iko vipi nikaambiwa yule si wa kruu, ni kibarua wa siku, ashalipwa. Akaongezewa elfu tano. Nikatafuta karatasi yoyote yenye jina lake nikakosa, hata kwenye kolshiti, ile ratiba ya siku yenye majina, hayumo. Alafu usiku niko kitandani nikajiuliza, na mimi je, jina langu liko kwenye karatasi gani? Kolshiti peke yake. Miaka 9.

Kwa hivyo nauliza mambo mawili. Wale mliohamia mji mpya mkiwa kwenye hii kazi mliingia vipi? Na je kuna chama, namaanisha chama cha wafanyakazi hasa, chenye masaa na malipo na bima iliyoandikwa, ambacho mtu wa taa aliyeko Malindi anaweza kujiunga? Nasikia wenzetu Marekani na Kanada mtu hapandi ngazi bila hayo. Nisaidieni kwa mnayoyajua.

shela_kwetu

Pole sana kaka. Huyo kijana ni wa mtaani kwetu. Vidole vilipona lakini havikunji, sa hii anapakia mchanga kwenye punda wa mjomba wake. Hata hajui kama kuna mtu bado anamfikiria.

fiksa_watamu

Karibu Malindi kaka angu. Mimi ni fiksa, mtu wa kuwapangia wanaokuja kushuti mambo yao ya hapa, huku kitambo kwa hivyo nitakwambia ninavyoona kwa upande wangu.

Kampuni ya nje haiwezi kuja kushuti Kenya hivi hivi, lazima ipitie kwa ajenti wa hapa nchini aliyesajiliwa, huyo ndo anawatafutia leseni ya filamu. Na hao maajenti karibu wote ofisi zao ziko Nairobi, ndo maana kruu inatoka Nairobi. Hawakukatai, hawakujui kama umehama! Kwenye simu zao wewe bado uko Nairobi. Kitu cha kwanza ambacho ningefanya ni kumpigia kila gafa na kila prodakshen meneja uliyewahi kufanya naye nimwambie sasa niko Malindi, Lamu nafika, nina hiki na hiki. Wapigie kwa sauti, meseji inazama.

Cha pili, habari za kazi huku haziji kwa watu wa filamu kwanza. Mtu akitaka kushuti ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi au Watamu lazima aende kwa KWS, shirika la wanyamapori. Gede, ngome ya Lamu, ni kwa Makumbusho ya Taifa. Droni ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kabla hajaleta kamera lazima aje mtu kuangalia lokesheni, na huyo mtu atalala mahali, atapanda tuktuk, atakodi boti. Kwa hivyo wiki 3 kabla wewe hujasikia kitu, nahodha wa boti ashajua, meneja wa hoteli ashajua, mwenye jenereta ya kukodisha hapa mjini ashaulizwa bei. Mimi kazi yangu ya kwanza kubwa niliipata kwa mwenye jenereta. Kaa na hao watu, kunywa nao kahawa, waachie namba.

Cha tatu na hiki sikiliza vizuri. Wewe kuwa huku ni akiba kwao, tiketi yako ya ndege hakuna, chumba chako hakuna, pa diemu, posho yako ya siku, inapungua. Watajaribu kukushusha na malipo ya siku pia, watakwambia si wewe ni wa hapa hapa. Kataa. Akiba ya nauli waipate, jasho lako libaki bei ile ile ya Nairobi. Ukishuka mara moja bei ya huku imeandikwa na si yako peke yako.

Alafu angalia msimu. Kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3 kaskazi ikivuma bahari ni tulivu na watu wanakuja, mvua za masika na mwanzo wa kusi mji unalala, hoteli nyingine zafunga. Umehamia mwezi wa pili, umekuta mkia wa msimu. Usikate tamaa kwa hii miezi, tengeneza watu sasa.

mtu_wa_taa

Dada ahsante, hilo la kuwapigia sikulifikiria kabisa, nilidhani wanajua. Leo nimepiga simu 11 na watatu waliniambia kumbe uko huko, mwezi uliopita tulileta mtu Malindi! Roho iliniuma lakini sawa.

Vifaa ninavyo kidogo. Kebo, stendi 6, mifuko ya mchanga, boksi la kugawa umeme, taa 4 za LED. Chumvi ndo inanisumbua, wiki mbili tu soketi zimeanza kuota kijani, sasa kila jioni nazipangusa na kitambaa cha maji baridi nazikausha nazifunga na mifuko ya nailoni.

toronto_baridi

Mimi ni mzaliwa wa Maweni Malindi, niko Kanada mwaka wa 12, kazi yangu ni gripu, mtu wa kufunga na kusogeza vifaa vya kushikilia kamera na taa, nimefanya Toronto na sasa niko Vancouver. Nikisoma habari ya yule kijana nimeacha chai ikapoa.

Nataka nikueleze huku kukoje manake huko nyumbani watu wanafikiria ukiwa na kadi ya chama kazi inakuja mlangoni. Sivyo. Chama chetu kinaitwa IATSE, kimeanza 1893 na watu wa majukwaa ya tamthilia, leo kinashika Marekani na Kanada, lakini ndani yake kimegawanyika matawi na kila tawi lina mji wake na ufundi wake. Toronto gripu na umeme wako tawi la 873. Vancouver ni 891. Watu wa kamera wana matawi yao kando, 667 upande wa mashariki na 669 magharibi. Nilipohama kutoka Toronto kwenda Vancouver nilikuwa na miaka yangu, barua zangu, jina langu, na nikaambiwa karibu, anza foleni. Mwanachama wa pale anaitwa kwanza, wakiisha ndo wanaangaliwa wale wenye kibali cha muda, na mimi nikawa wa kibali. Miezi ile nilihesabu sarafu kaka.

Los Angeles ndo kabisa, ufundi mmoja tawi moja, gripu ni 80, taa kama wewe ni 728, kamera ni 600 ambayo ni ya nchi nzima. Na kwa fani nyingi kule kuna orodha ya uzoefu, ili jina lako liingie lazima uthibitishe siku 30 za kazi ya chama ndani ya mwaka mmoja au siku 100 za kazi isiyo ya chama ndani ya miaka 3, na kuthibitisha ni kwa hati za malipo, kila siku na karatasi yake. Watu wamefanya miaka wakapoteza karatasi wakaanza upya. Atlanta ni tawi la 479, fani nyingi ziko chini ya tawi moja. London chama ni BECTU, ile ni rahisi kuingia lakini nayo haikuiti kazini.

Kwa sehemu kubwa anayeniita kazini ni mkuu wa idara yangu, mtu ananijua mikono yangu, kama vile gafa wako. Vancouver kazi ya kwanza nilipata kwa kusaidia bure? Hapana, bure kwenye kushuti sikufanya. Nilipata kwa kwenda duka la kukodisha vifaa kila asubuhi wiki mbili, nawasaidia kupakia, mpaka mtu mmoja akauliza huyu anayekunja kebo vizuri ni nani.

Sasa kadi inafanya nini? Nikishafika kazini, masaa yakipita naongezwa. Masaa 6 yakipita sijapewa chakula wananilipa faini, mimi nalipwa. Kati ya kumaliza leo na kuanza kesho kuna masaa ya kulala ambayo wakiyala wanalipa. Kila siku ninayofanya kazi mwajiri anaweka kitu kwenye bima ya afya na pensheni yangu. Usiku wa saa 5 watu wako macho tangu alfajiri huku inawezekana, lakini ni ghali sana hadi prodyusa mwenyewe anaangalia saa.

Na chama hakizuii njaa. 2023 waandishi waligoma kuanzia Mei mpaka Septemba na waigizaji Julai mpaka Novemba, sisi mafundi hatukugoma lakini kazi zilikauka mwaka mzima, nikauza gari.

mtu_wa_taa

Kaka nimesoma mara mbili. Swali moja linanisumbua. Kampuni ya filamu huwa inafunguliwa kwa ajili ya hiyo filamu moja tu, wiki 3 imekwisha. Huyo mwajiri anasaini na chama saa ngapi?

toronto_baridi

Kabla ya kuanza kushuti. Mkataba ushajadiliwa zamani na wenye kampuni kubwa kwa pamoja, uko mezani, kampuni mpya ikizaliwa inakuja inasaini ule ule na kuongeza mambo yake madogo. Hakuna anayeanza kujadiliana upya kwa kila filamu. Hilo ndo siri yenyewe kama kuna siri.

kijana_wa_kamera

Wakubwa heshima zenu lakini naomba niseme kweli. Mkianza habari za vyama hapa hao wazungu wanahama wanaenda Zanzibar au Diani. Mimi nalipwa elfu 3 kwa siku nashukuru kuliko kukaa Majengo naangalia bahari. Toronto ni Toronto. Huku tukidai sana tutakosa hata hicho kidogo.

fiksa_watamu

Mdogo wangu sikulaumu, na mimi nilifikiria hivyo. Lakini mimi naona bajeti zao. Boti ya usalama na jaketi za kuokolea na bima ya watu kwa siku 5 ni mstari mdogo sana kwenye ile karatasi, chakula chao peke yake kinashinda. Wanakuja Lamu kwa sababu ya Lamu, ule mji hauko Diani. Asiyetaka kuweka huo mstari ni mtu wa katikati anayetaka kubaki nao, na huyo hahami.

nahodha_amu

Wanangu, mimi nimeendesha mashua miaka 40 na watu wa picha nimewabeba tangu kamera zikiwa za mikanda ya filamu. Niseme langu. Usiku ule alousema mtu wa taa ulikuwa wa bamvua, maji yajaa sana na kupwa sana. Maji ya bamvua yakipwa zile ngazi za mwisho kabisa ambazo siku nyingine huzioni zatoka wazi, na hapo ndipo kijani ilipo. Nahodha yeyote angewaambia fanyeni kazi hii siku 6 au 7 mbele, maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana. Lakini nahodha huitwa asubuhi ya kazi, karatasi ya ratiba ishaandikwa na mtu ambaye hajui mwezi uko wapi.

Mkiandika huo mkataba wenu andikeni na hili, nahodha akae mezani ratiba inapopangwa. Na atakayepanda chomboni usiku avae jaketi, awe wa Nairobi awe wa hapa kwetu Amu, Lamu.

mekap_mombasa

Nahodha shikamoo. Hilo la bamvua sikuwahi kulisikia kwenye kikao chochote na nimeshuti Lamu mara nyingi.

Mtu wa taa, mimi nilihamia Mombasa kutoka Kisumu miaka 6 iliyopita, nafanya mekapu na nywele. Kilichonisaidia ni karatasi moja. Upande mmoja tu, kwa Kiswahili, naituma kabla sijapanda matatu: jina langu na kitambulisho, siku ngapi, pesa ngapi kwa siku, siku ni masaa mangapi na yakizidi ni ngapi kwa saa, nitalala masaa mangapi kabla ya kuitwa tena, nani ananirudisha nyumbani ikiwa usiku, nikiumia hospitali ni ya nani, na nalipwa baada ya siku ngapi. Wakisaini nakuja. Mwanzo wawili walinicheka na mmoja akachukua mtu mwingine. Kazi ile niliyokosa nilijua baadaye wale walioenda walikaa miezi 4 hawajalipwa. Sa hii hakuna anayenicheka, maprodakshen meneja wengine wanaiomba wenyewe wanawapa na wasaidizi wao.

Na weka nakala. Kama kaka wa Toronto alivyosema, kila siku na karatasi yake.

mstaafu_wa_hoteli

Wanangu habari zenu. Mimi sijui filamu. Nilikuwa mpishi kwenye hoteli moja hapa Malindi miaka 26 na nikawa shop stewad, mwakilishi wa wafanyakazi, wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani, hoteli, shule na hospitali. Nimeona mnaongea kama vile Kenya hakuna sheria, na iko.

Katiba ya 2010 kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga na kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, kwa hivyo kijana aliyeambiwa asubuhi shika kebo nikupe mia nane ana mkataba. Kibarua kwa sheria hiyo ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na hachukuliwi zaidi ya masaa 24 kwa mara moja. Akifanya mfululizo siku zikajumlika mwezi, kifungu cha 37 kinambadilisha, si kibarua tena. Na kazi ya miezi 3 kwenda juu lazima iandikwe.

Mnapokwama ni hapa. Sheria ya Mahusiano ya Kazi, kifungu cha 54, inasema mwajiri analazimika kukitambua chama kikishakuwa na wafanyakazi zaidi ya nusu ya wale wanaoweza kuingia chamani. Hotelini inawezekana, tuko 120 jikoni na vyumbani mwaka mzima. Filamu yenu wiki 3, mtaandikisha lini mpate nusu? Mkimaliza kuhesabu kampuni ishavunjwa.

Lakini kifungu hicho hicho kinaruhusu kuingia na kundi la waajiri au chama chao. Na sisi watu wa hoteli ndivyo tulivyofanya. Hoteli za pwani nazo ni za msimu, zafunga mwezi wa 5 zafunguliwa mwezi wa 7, meneja anabadilishwa, mwenye mali anauza kwa mwingine. Lau tungejadiliana na kila mlango tungekufa. KUDHEIHA ilikaa na chama cha wenye hoteli, mkataba mmoja kwa hoteli nyingi. Naona ndicho kile kile cha Toronto. Kwa hivyo msimtafute mwajiri wa filamu moja, watafuteni hao maajenti wanaoleta filamu, hao hawavunjwi kila wiki 3. Na ndani ya COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi Kenya, kuna chama cha burudani, Kenya Union of Entertainment and Music Industry Employees, andikeni barua muwaulize kama mafundi wa taa na kamera wanaingia, barua haina gharama.

Sasa lililonifanya niandike. Yule kijana aliumia mwezi wa 11, leo ni mwezi wa 4. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, watu wanaiita WIBA, ya 2007, inampa miezi 12 tangu siku ya ajali kuleta madai. Hajachelewa. Haanzi kwa wakili wala mahakamani, Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba madai haya yanaanzia kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Kuna fomu, upande mmoja ni wa mwajiri upande mwingine ni wa daktari. Mwajiri atakataa kujaza. Msingoje, pelekeni ripoti ya hospitali na watu walioona. Nani aliona?

mtu_wa_taa

Mimi niliona mzee wangu. Mimi niliinua taa.

mekap_mombasa

Na kwenye hiyo kazi mtu wa mekapu ni rafiki yangu. Nimempigia sasa hivi. Anasema alipiga picha ya ngazi asubuhi yake, damu bado iko, na picha ina tarehe.

shela_kwetu

Nimetoka kwa kina kijana. Mamake amelia. Karatasi za hospitali wanazo zote, walizifunga ndani ya leso wakaweka kabatini. Na meseji ya M-Pesa ya ile mia nane iko kwenye simu, jina la aliyetuma linaonekana, tarehe na saa.

mstaafu_wa_hoteli

Alhamdulillahi. Hiyo meseji msifute, ipigeni picha leo leo. Hiyo ndiyo inasema aliajiriwa.

mtu_wa_taa

Wiki mbili zimepita narudi kuwapa habari.

Kwanza kazi. Mmoja wa wale 11 niliowapigia ameniita, dokumentari ya siku 4, mbili Gede na mbili Lamu. Nilituma karatasi kama ya dada wa mekapu, nikaongeza la nahodha. Prodakshen meneja alikaa kimya siku mbili, nikasema basi imekwenda, mke wangu akaniambia tulia. Siku ya tatu akarudisha imesainiwa, kafuta moja tu, ya masaa ya kulala nilikuwa nimeandika 11 akaandika 10. Nimekubali 10. Malipo ya siku ni yale yale ya Nairobi. Msaidizi wangu nimemchukua kijana_wa_kamera, elfu 5 si 3, na jina lake liko kwenye karatasi na kwenye kolshiti, nimemtumia aione.

Pili tumekutana Jumapili hapa Malindi, watu 8, taa, kamera, mekapu, sauti, dereva wawili, fiksa wa Watamu na mzee mstaafu akatufundisha jinsi ya kuandika muhtasari wa kikao. Nahodha alikuwa kwenye simu kutoka Amu. Barua kwa chama cha COTU imekwenda. Barua ya maajenti tumeandika sentensi nne tu na bado tunabishana ya tano, manake wengine wanataka bei na wengine wanataka tuanze na usalama peke yake. Mimi niko upande wa usalama kwanza, lakini sikuwashinda. Tunakutana tena tarehe 3.

Tatu, jana nilikuwa Lamu kumwona mama, nikapitia Shela. Madai tumeyaandika, mimi nimetia sahihi ya shahidi. Kijana alipopewa kalamu aliishika kwa mkono wa kulia, ikamponyoka, akaiokota akaihamisha kushoto akaandika jina lake pole pole, majina yote matatu. Alafu akaniuliza hiyo dokumentari ya Lamu bado mnatafuta mtu wa kushika kebo? Nikamwambia kebo hapana, lakini nataka mtu wa kukaa kwenye boksi la umeme aangalie nani anachomeka nini, kazi ya macho na kichwa, na karatasi utasaini kabla. Amesema atakuja. Ameuliza nimpe nakala ampelekee mamake aisome kwanza, nimeiacha hapo.

toronto_baridi

Nitumie namba ya M-Pesa ya mamake inboksi.

nahodha_amu

Tarehe zenu za Lamu nimezitazama. Siku ya pili ni maji mafu. Sawa.